Siku Madrasa Iliponyamaza

Wifi yangu akisema "nyamazeni!", hata saa ya ukutani inajifikiria. Mimi nimeolewa na mdogo wake wa kiume, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Nyie wengine msithubutu. Yeye ndiye mwalimu mkuu wa madrasa yetu, aliachiwa na marehemu baba yake, na mimi nafundisha darasa la chini, wale wanaoanza alifu na bee huku meno ya mbele hayapo.

Watoto humwita Mama Funguo, lakini kwa kunong'ona. Kiunoni ana mkungu wa funguo: mlango wa nje, kila darasa, kabati la misahafu, stoo, choo cha walimu, hata bomba la uani lina kufuli lake. Akitembea unamsikia kabla hujamwona. Akichelewa, sote tuko nje, walimu na watoto, tumejibanza ukutani tukigombea kivuli. Siku alipougua homa tulirudi makwetu wote, maana funguo zilikuwa chini ya mto wake, na kuzitoa hataki. Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Akafumbua jicho moja akaniambia, "Nitapona kesho." Na kweli, akapona kesho. Ubishi ule, homa nayo iliogopa.

Basi funguo tungezivumilia. Tatizo kubwa lilikuwa kusikiliza. Mtoto akihifadhi sura, haendi kwenye inayofuata mpaka Mama Funguo amsikilize kwa masikio yake mwenyewe. Baba yake alifanya hivyo enzi zile, wanafunzi wote wanaenea kwenye mkeka mmoja. Siku hizi wamejaa vyumba vitatu na wengine wako ukumbini, na masikio ni yaleyale mawili. Foleni mbele ya kiti chake haiishi. Mtoto anakaa na sura aliyoijua zamani mpaka inaanza kumtoka. Wazazi wakawa wanauliza, "Mbona mwanangu yuko palepale?" Na mzazi akishachoka hagombi, anahamisha mtoto.

Nikamwambia, "Wifi, kidole kimoja hakivunji chawa."

Akanitazama kichwani. "Kwani wewe una chawa?"

Mtu wa namna hiyo utamfanyaje?

Ndipo akaja Mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti ni muuza magodoro, mtu mwema sana, ila machozi yake yako karibu; huanza kulia kabla hajaambiwa kinacholiza. Siku hiyo alisimama uani, akafuta jasho, akasema maneno yake. Ile shule kubwa ya barabara ya juu inataka kutuchukua, tuwe kitengo chake cha jioni. Kamati bado haijakubali. Kwanza anakuja mgeni, mwalimu mkuu wa shule ya Kiislamu kutoka nchi ya mbali, ambaye kamati imefanya naye urafiki. Atakaa nasi wiki mbili. Tujifunze kwake, naye ajifunze kwetu. Baada ya hapo kamati itakaa.

"Tukiona mabadiliko, madrasa inabaki mikononi mwako," alimwambia wifi yangu. "Tusipoona, mwalimu, nisamehe, kibao cha mzee tutakishusha."

Kibao chenyewe kiko juu ya mlango wa nje. Baba yake alikiandika kwa mkono wake, herufi moja moja, na rangi imeshaanza kubanduka. Mwenyekiti alipoondoka, wifi alisimama chini yake kimya. Mimi namtania, ndiyo, lakini nampenda yule mwanamke, na siku ile moyo uliniuma.

Kesho yake akaja na dawa yake. Amesikia kwamba shule za huko kwa mgeni zimetulia, ukidondosha kalamu inasikika mpaka darasa la pili. "Basi," akasema, "na sisi tutatulia."

Sasa niwaambie madrasa yetu ilivyo. Kila mtoto anasoma somo lake, kwa sauti yake, wote kwa pamoja. Huyu yuko kwenye Fatiha, yule yuko juzuu nyingine kabisa, na wakubwa wamewapakata wadogo wanawarekebisha vinywa. Ni kelele, lakini ni kelele yenye mwenyewe: mwalimu akipita hapo katikati anasikia kosa la mmoja kama mama anavyosikia kilio cha mwanawe. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anasema tukianza kusoma, mguu wake unakanyaga cherehani wenyewe.

Watoto hao ndio waliofundishwa kunyamaza. Kila siku, mazoezi ya kimya! Wanakaa kwenye mistari, macho kwenye msahafu, midomo imefungwa. Kitoto changu kimoja, kimbelembele kile ambacho hakijawahi kunyamaza hata usingizini, kilibana pumzi mpaka machozi yakakitoka. Kisha wifi akaazima mashuka meupe, akayatundika kuficha kuta zilizobanduka. Kisha akaagiza watu wote wavae nyeupe.

"Wifi," nikamwambia, "hii sasa si madrasa, ni wodi."

"Na wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea.

Siku ya mgeni ikafika. Uani kumefagiwa, madawati yamepangwa, watoto wako kwenye mistari ukumbini, weupe pe. Sisi walimu tumesimama mlangoni tumefumbata mikono. Gari la Mwenyekiti linasikika linapinda kona, na wifi yangu akapiga paji lake la uso: vikombe! Vikombe vya wageni viko stoo. Akaondoka mbio, funguo zikilia, akapotelea nyuma ya jengo.

Hakurudi.

Mgeni akaingia na Mwenyekiti. Mama mfupi, miwani mikubwa, mtandio wa kijani na raba miguuni. Siku hiyohiyo watoto walishambatiza Mwalimu Raba. Aliingia akicheka. Alipovuka kizingiti, kicheko kikamkauka. Akatazama mashuka meupe ukutani. Akatazama kanzu nyeupe na mitandio myeupe. Akatazama watoto walivyoinamisha vichwa, na sisi walimu tulivyofumbata mikono, hakuna hata mmoja aliyemwambia karibu, maana tumeambiwa asitamke mtu mpaka mwalimu mkuu atamke. Mwalimu mkuu mwenyewe yuko kwenye vikombe.

Mgeni akaweka mkono kifuani. Macho yakajaa maji. Akasema, kwa sauti inayotetemeka, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Hilo halihitaji mkalimani. Mwenyekiti akaitikia papo hapo, kama tunavyoitikia sote. Kisha akashtuka. Akageuza kichwa huku na huku akitafuta aliyepungua. Aliyepungua alikuwa mmoja tu.

"Mwalimu mkuu!" akasema. "Jamani, mwalimu mkuu!" Akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kidevuni, akalia.

Jamani, mimi nilikuwa nimemwona wifi yangu kwa macho yangu muda huohuo. Lakini mtu mzima akilia mbele yako, na mgeni naye analia, akili inakimbia. Nikasema, "Mwenyekiti, mbona nilimwona sasa hivi tu?"

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ndivyo kifo kilivyo, mama. Sasa hivi tu."

Haki ya Mungu, nikaanza kutafuta ukuta.

Fundi cherehani alikuwa dirishani kwake. Alishangaa tangu asubuhi kwa nini hatusomi. Sasa akapata jibu. Akatoka na futi yake shingoni, akamwambia muuza mboga, muuza mboga akamwambia kinyozi, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kabla sijapata hata pa kuegemea, mtaa mzima umeingia. Wanaume wanabeba mabenchi, wanawake wamejifunika vichwa wanaingia na mikeka kwapani. Mume wangu alikuja mbio kutoka kazini, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja ndala, anaita, "Dada! Dada yangu yuko wapi?" Na watoto kule ukumbini hawatikisiki. Wameambiwa kimya, na amri ya marehemu haivunjwi.

Watu wakaanza kumsifu. "Alikuwa mkali, lakini aliwapenda watoto." "Mwanangu ameshika Fatiha hapa." "Hajawahi kumfukuza mtoto wa mtu." Kinyozi, ambaye miaka nenda rudi amegombana na wifi kwa maji yanayotiririka barabarani, alisema hajaona jirani mwema kama yule. Hapo nikajua kweli amekufa.

Kisha mama mmoja, ana watoto watatu kwetu, akauliza swali la kawaida tu.

"Sasa kesho nani atafungua?"

Watu wakatugeukia sisi walimu.

"Funguo anazo nani?"

Tukatazamana. Ustadhi wa Kiarabu, mwalimu wa darasa la juu, akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye.

"Na wanangu nani atawasikiliza? Mkubwa wangu yuko kwenye foleni tangu mwezi uliopita."

Hapo ndipo nilipoona aibu. Nimefundisha nyumba ile tangu nilipoolewa, na kabati la misahafu siwezi kulifungua. Wanafunzi wangu nawajua mmoja mmoja, najua nani anameza herufi na nani anakimbiza aya, na sina ruhusa ya kumwambia hata mmoja, "Umefaulu, endelea." Mgeni akamuuliza ustadhi watu wanasema nini. Wao walielewana kwa Kiarabu cha vitabuni, polepole, kila mmoja akipapasa maneno. Ustadhi akamweleza. Mgeni akafuta machozi, akauliza, "Naibu wake ni nani?" Ustadhi akaniangalia tena. Nikaangalia sakafu.

Katika kimya hicho tukasikia: ko, ko, ko.

Taratibu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Ko, ko, ko. Kikafuata kisauti kidogo kutoka nyuma ya jengo. "Wifi… wifi, nifungulie."

Kile kimbelembele changu kikainuka kwenye mstari. Uzalendo ulikuwa umekishinda. "Mama Funguo yuko stoo!" kikapiga kelele. "Hajafa! Yuko stoo!"

Subhanallah! Watoto wote wakalipuka kwa mpigo. Mimi nilikimbia na viatu vikabaki. Mlango wa stoo una tabia yake: ukijibamiza haufunguki ila kwa ufunguo, na tundu la ufunguo liko upande wa nje tu. Na mkungu wenyewe ulikuwa unaning'inia hapohapo mlangoni, kwa nje. Mwanamke asiyeachana na funguo zake hata kwa homa, siku hiyo haraka ilimfanya azisahau mlangoni.

Nikafungua. Alikuwa amekaa juu ya boksi la chaki, sinia la vikombe liko mapajani, hakuna hata kimoja kilichovunjika. Macho mekundu.

"Kwa nini hukuita muda wote huu?" nikamfokea, maana hofu yangu ikitoka hutoka kwa ukali.

"Nilisema kimya," akajibu.

"Hata kama ungefia humu?"

"Nimeshakufa mara moja leo. Nimesikia yote."

Nikamkumbatia na sinia lake. Vikombe vikalia kuliko sisi.

Tulipotokeza uani, mwanamke mmoja alitupa mkeka akakimbia. Mume wangu alimshika dadake mkono, hakuachia. Mwenyekiti alisema "Alhamdulillahi" mpaka pumzi zikamwishia, kisha akapandwa na hasira. "Mwalimu! Umeniliza bure!" Kinyozi akataka kurudisha maneno yake kuhusu jirani mwema, wifi akamwambia, "Yamesikika hayo, hayarudi." Na wa kwanza kuangua kicheko alikuwa mgeni. Alicheka akakaa chini kwenye mkeka wa wafiwa, akavua miwani, akacheka tena.

Alipopata sauti, ustadhi akamuuliza, kwa nini ulitupa pole?

"Niliambiwa madrasa hii inasikika tangu mwanzo wa mtaa," akasema, na ustadhi akatufasiria. "Nimekuja kwa ajili ya sauti hiyo. Nikafika, kimya. Mashuka meupe. Watoto wameinamisha vichwa. Mngekuwa nyie mngefikiri nini?"

Akaeleza habari za kwake. Shule yake ni safi, kila kitu kiko mahali pake. Walimu wanafanya kazi pamoja vizuri. Ila watoto! Kila mmoja na meza yake, kila mmoja na visikilizio vyake masikioni. Wanajua mengi, lakini ukimwambia mtoto asome kwa sauti anatetemeka, na mkubwa hamjui mdogo hata jina. Alisikia kuna mahali wakubwa wanawapakata wadogo, akapanda ndege.

Wifi yangu aliuliza mara mbili. "Yaani ni kelele ndiyo uliyoifuata?"

"Ndiyo."

Akawageukia watoto waliokuwa wanamsubiri kwa macho. Nikaona midomo yao inavyochezacheza.

"Someni," akasema.

Wee! Mashuka yalitikisika. Wiki nzima ya kimya ilitoka siku hiyo, alifu na bee, sura fupi na sura ndefu, kila mmoja na yake. Wakubwa wakawavuta wadogo mapajani. Mgeni akavua raba, akajipenyeza katikati ya watoto, akafunga macho. Ng'ambo ya barabara cherehani ikaanza kwenda. Na waliokuja kuzika hawakuondoka. Walikaa kwenye mabenchi yao kama wako harusini, na vile vikombe vya stoo vikapata kazi.

Watu walipotawanyika, wifi aliniita chini ya kibao cha baba yake.

"Wakati wananisifu nilifurahi," akasema. "Kweli, nilifurahi sana, hata nikasema ngoja nikae kidogo nisikie zaidi. Kisha yule mama akauliza nani atafungua kesho. Nikangoja jibu." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Baba aliniachia madrasa ili isife, wifi. Leo nimekufa mimi, na yenyewe ikafa palepale."

Nilitafuta utani wa kumjibu, sikuupata. Nikalia naye.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Zile wiki mbili tulipona, lakini dawa ilikuwa chungu. Kwao, Mwalimu Raba alisema, mwalimu mkuu hasikilizi kila mtoto. Walimu wanabadilishana: wanafunzi wangu anawasikiliza ustadhi, wa ustadhi nawasikiliza mimi, ili mtu asijipendelee. Mwalimu mkuu anabaki na wale waliomaliza juzuu nzima. Na siku nyingine anaingia darasani kwako, anakaa nyuma mkekani kama mwanafunzi, anasikiliza, halafu mnazungumza.

Siku ya kwanza wifi alipokaa nyuma kwangu, aliniinulia mkono kila baada ya dakika. "Mwalimu, yule hajafungua kinywa vizuri." "Mwalimu, yule anacheza." Nikamwambia, "Wewe mwanafunzi, ukiendelea nitakutoa nje." Darasa likavunjika mbavu. Na nilipowasikiliza watoto wa ustadhi kwa mara ya kwanza, yeye alijificha nyuma ya mlango wangu akiwasaidia kwa midomo. Tukamfukuza. Lakini foleni ikaanza kusogea. Yule mkubwa wa mama mwenye watoto watatu aliambiwa neno "endelea" siku ya tatu, akatoka mbio mpaka barabarani kumwambia fundi cherehani.

Funguo ndizo zilizosumbua. Asubuhi niliyopewa ule wa mlango wa nje, wifi alisimama mgongoni kwangu.

"Zungusha kushoto."

"Wifi, mlango naujua."

"Kushoto, nimesema."

Si kila kitu cha mgeni kilitukubali. Alileta wazo la watoto kuwasema walimu wao kila Ijumaa, waziwazi. Darasa langu likasema mimi ni mkali lakini nina pipi, na pipi zenyewe hazitoshi. Wazo hilo tuliliacha lipumzike. Yeye kwa upande wake alisoma na watoto mpaka sauti ikamkauka, akawa anaongea kama jogoo mchanga, na kila siku ana mtoto mwingine mapajani.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti akasema amefurahi, ila ana wasiwasi. "Mgeni akiondoka, nitajuaje kwamba mwalimu hatazikusanya funguo zake tena?"

Wifi akazishika funguo zilizobaki kiunoni. Sijui kama hata yeye alikuwa na hakika.

Mgeni akajibu kwa kile kisauti cha jogoo. "Nipeni niondoke naye. Shule yangu inamhitaji, watoto wangu hawajui kupaza sauti. Akiwa mbali, njooni hapa siku yoyote bila taarifa. Mkikuta madrasa imesimama, mmepata jibu. Mkikuta imefungwa, pia mmepata jibu."

Ikakubaliwa hivyo. Kibao cha mzee kikabaki kinatutegemea mimi, ustadhi na mwalimu wa darasa la kati, tuamke, tufungue, tufundishe. Usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu.

Siku ya safari wifi aligawa funguo moja moja, kila ufunguo akiubusu kidogo, akidhani hatumwoni. Kiuno kikabaki kitupu. Alipopita ukumbini watoto walishtuka kumwona katikati yao. Hakuna aliyemsikia anakuja.

Mwenyekiti alitokea Jumamosi, na wawili wa ile shule kubwa, nguo zimenyooka. Hawakutoa taarifa, kama ilivyosemwa. Nilishafungua zamani. Kabati limefunguliwa na ustadhi, bomba limefunguliwa na mwenzetu wa darasa la kati, na madrasa inanguruma. Wageni walisimama mlangoni. Mmoja aliziba sikio, kisha akaliachia, akachuchumaa karibu na msichana aliyempakata mdogo, akasikiliza jinsi anavyomrekebisha herufi. Hakuinuka upesi. Mimi nilikuwa nawasikiliza watoto wa ustadhi, sithubutu kutazama nyuso zao.

Mume wangu akaingia mbio na simu yake mkononi. "Mbona hupokei? Dada kakupigia mpaka kachoka! Anasema madrasa imefungwa, analia!"

Simu yangu ilikuwa mfukoni, inatetemeka hovyo. Ningeisikia wapi katika mngurumo ule? Nikachukua ya mume wangu.

"Wifi! Mbona hampokei? Mlango umekwama? Kushoto! Si nilikwambia kushoto?"

Nikamjibu, hasikii. Nikapaza sauti, hasikii. Basi nikaacha kujibu. Nikainua simu juu, nikatembea nayo katikati ya watoto, kutoka darasa langu mpaka ukumbini, nikipita polepole juu ya kila kichwa. Kisha nikasogea nayo mlangoni, penye nafuu ya kelele, nikairudisha sikioni.

Kimya. Nikadhani imekatika.

Halafu nikamsikia anavuta kamasi. "Nani kafungua?" akauliza.

"Sisi."

"Wote?"

"Wote, wifi. Na Mwenyekiti yuko hapa na wale watu. Wanaona."

Nyuma yake kukasikika kitu kingine. Kwanza sauti moja ya mtoto, nyembamba, inasita, Fatiha ileile, lafudhi si yetu. Kisha ya pili. Kisha nyingi, zinapanda, kila moja na njia yake. Alikuwa ameweka simu kwenye kipaza sauti, na watoto wa Mwalimu Raba, wale wanaotetemeka, wamewasikia wa kwetu na wanawajibu.

Nikampa Mwenyekiti simu. Alisikiliza, na bila shaka akalia. Lakini safari hii nilimruhusu, maana na mimi nilikuwa silioni darasa kwa machozi.

"Mwalimu," akasema kwa kupaza sauti, "kibao cha mzee hakishuki! Umesikia? Hakishuki. Kinataka rangi tu!"

"Rangi iko stoo," wifi akajibu, nilimsikia mpaka nilipokuwa.

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

Wifi yangu alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, chepesi, cha msichana.

"Mimi nitajuaje, Mwenyekiti? Ulizaneni hukohuko."